Tupeane uzoefu: gemu za kizamani, za mkononi na mashine za nyumbani

Wakuu, niko Shangani, Mtwara mjini. Sisi tuliokulia gemu za kaseti za kuchomeka kwenye TV tunajua uchungu wa kaseti iliyoandikwa 9999, ukiiwasha ni gemu zilezile kumi zinabadilishwa rangi. Baada ya hela ya korosho kuingia nikaagiza R36S, kimashine cha mkononi cha kuchezea gemu za zamani, kutoka Kariakoo, ikaja na basi.

Kioo ni inchi 3.5, pikseli 640 kwa 480, yaani umbo la TV za zamani. Gemu ya Contra inajaa vizuri. Gemu za PS1 (PlayStation ya kwanza) zinakwenda bila shida. Muuzaji aliniapia na PS2 inacheza. Chipu ya RK3326 haina ubavu huo, nami nikameza.

Kilichonitoa jasho ni memori kadi. Wiki ya tatu nawasha, nembo inatokea, inaganda hapohapo. Kifaa kina matundu mawili, kadi moja ya mfumo na nyingine ya gemu, na ya mfumo ndiyo iliyokufa. Zile zinazokuja ndani ya boksi hazina hata jina. Ukinunua, siku hiyohiyo nakili vyote kwenye kadi inayoeleweka kabla hujacheza. Na chaja ichomeke tundu la DC. Jirani yake, tundu la OTG la kuchomekea vifaa vingine, linafanana nalo kama pacha.

Sasa natamani mashine ya kusimama, ile ya gemu yenye umbo la kabati, maana wapwa zangu wanang'ang'aniana hicho kimoja. Leteni ya kwenu.

Mdau wa Mikindani: Mie bado na kaseti zangu za utotoni. Miaka yote ikigoma napuliza, kumbe unyevu wa mdomo ndio unaoleta kutu kwenye meno yake. Na chumvi hii ya baharini, weee. Juzi nikachukua pamba na spiriti, nikasugua: pamba ya kwanza ikatoka nyeusi kama masizi ya kibatari, ya nne ndiyo nyeupe. Mario akatokea.

Mdau wa Lindi: Nilichukua PSP, PlayStation ya mkononi, ya mtumba. Mfuniko wa nyuma ukawa haufungi, nikabana na selotepu, mjinga mie. Betri ilikuwa imevimba. Mkiona hivyo msichaji tena, itoeni.

Mdau wa Masasi: Mkuu wa Shangani, ya kusimama nilijitengenezea. Ndani Raspberry Pi, kikompyuta kidogo cha bodi moja, kioo ni monita ya inchi 17 ya ofisini iliyouzwa chakavu, ile ya mraba-mraba, usichukue pana. Mbao plaiwudi. Seremala alidhani natengeneza kabati la vyombo, mpaka nilipomwambia atoboe matundu 16 ya vitufe akaniangalia kama nimerogwa.

Kosa langu: meza ya vitufe niliipima kwa kimo changu, sentimita 95. Watoto wanacheza wamesimama juu ya ndoo, na ndoo moja imeshapasuka. La pili, umeme. Ukikatika mashine ikiwa inaandika, kadi inaharibika, zimeshakufa mbili. Nimeweka UPS ndogo ya kompyuta, betri ya akiba umeme ukikatika, inanipa dakika za kuzima kistaarabu.

Mwanzisha mada: Masasi, nirushie vipimo vya hiyo plaiwudi, shukrani sana. Meza nakata kwa kimo cha yule wa miaka saba, sie wakubwa tutakalia stuli.