Tupeane uzoefu: pesa yako ipi ilizaa, na ipi ilikufia mkononi?

Mleta mada (mpambaji, Morogoro)
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wajasiriamali na watu wa sanaa: mafundi nguo, wapambaji, wachoraji, wapiga picha. Taja ulichonunua, kwa shilingi ngapi, na kilikurudishia nini. Habari za "jiamini, anza na ulichonacho" tuwaachie watu wa semina.

Naanza mwenyewe. Napamba harusi, ila pesa iliyonizalia ni ya viti vya plastiki. Vile vyeupe vya kawaida, nilichukua 100 kwa 14,000 kimoja. Nakodisha 500. Kiti kikitoka mara 28 kimejilipa, baada ya hapo kinanifanyia kazi mpaka mguu ukatike. Harusi isipokuwepo kuna msiba, kuna kikao cha kikoba, kuna mkutano wa injili. Mwaka 2025 Kwaresma na Ramadhani zilianza wiki moja. Wapambaji wenzangu mnaikumbuka ile Machi! Kumbi zote kimya, na viti ndivyo vilivyolipa kodi ya nyumba.

Kwa anayetaka kuingia: weka alama yako kwa rangi ya mafuta chini ya kila kiti, na nyingine ndogo kwa ndani ya mguu. Msibani viti vya watu watatu vinachanganyika, halafu usiku wa kurudisha vijana wanakupakilia vilivyopasuka vya mwenzako.

Iliyokufa: maua ya bandia na fremu kubwa za rangi ya dhahabu, karibu milioni tatu. Misimu miwili tu bibi harusi wakahamia majani makavu na rangi za udongo. Fremu ziko stoo, kuku wanatagia humo.

Fundi nguo, Mbagala
Kwangu ni ovaloki, mashine ya kufunga pindo za nguo. Kabla ya hapo nguo nikishona nabeba napeleka kwa jirani, 300 kwa kipande, na foleni juu. Januari, msimu wa sare, mzazi kakaa kwenye benchi anasubiri sketi, shule inafunguliwa kesho, na jirani kafunga kaenda kuzika. Mchezo wetu wa kupeana pesa ulipofika zamu yangu nikanunua ya mtumba, 480,000. Sasa hao majirani ndio wanaoniletea mimi.

Mbaya kuliko zote ni kilemba. Nililipa milioni mbili kumtoa mtu kwenye fremu ya duka ya barabarani, bado kodi ya miezi sita. Kumbe mwenye nyumba kilemba hakitambui, ni makubaliano ya wapangaji na dalali. Mkataba ulipoisha akampa fremu mwanawe. Nidai nani? Kilemba hakina risiti.

Mchoraji, Dar
Nachora Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, kabla hajafariki mwaka 1972, alikuwa anachora kwa rangi ya kung'aa kwenye mbao za dari, na wengi tulifundishwa hivyo. Ubao unatoa picha safi, lakini mgeni anasafiri na begi la kilo 23. Anaisifia, anaipiga picha kwa simu, anaondoka. Pesa bora niliyotoa ni ya jora la kitambaa. Picha ileile, unaikunja kama mkeka, anaiweka begini. Angalizo: rangi ya mafuta ikiwa haijakauka sawasawa inagandana, na mgeni akifika kwao akaifungua, nusu ya twiga imebaki mgongoni mwa kitambaa.

Mbaya: mali kauli. Nilimwachia mwenye duka moja la vinyago picha zangu, akiuza anilipe. Nikipita anasema bado, na ukutani hazipo.

Mpiga picha, Mwanza
Bora: diski mbili za kutunzia kazi, moja ofisini, moja nyumbani. Mbaya: droni. Nilinunua kwanza, nikauliza vibali baadaye. Hapa nchini hurushi tu kwa kuwa unayo, lazima upite Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na sio huko peke yake. Harusi tatu nilizoahidi zikapita droni ikiwa boksini.

Mchapishaji wa fulana, Nakuru
Nyinyi mnalia fremu na maua, sisi Kenya tulimezwa na kware. 2013 kuingia 2014, yai la kware lilisemwa linatibu presha, kisukari, kila kitu. Hata leseni ya kufuga ulikuwa unaitafuta KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, maana ni ndege wa porini. Nikauza mashine yangu ya kuchapisha nikajenga vizimba. Ukweli ni kwamba walaji walikuwa wachache mno. Aliyeanza jana alikuwa anamuuzia anayeanza leo mayai ya kuangua, na hao wa leo walipoisha, bei ikaanguka kwa wiki chache. Tulikula kware kwa ugali mpaka watoto wakakataa. Mashine kama ile nimekuja kuinunua tena kwa bei maradufu.

Mleta mada
@Nakuru pole kaka, hiyo ya kuuza mashine imeniuma. Naona hapa wengi kilichowalisha ni chombo cha kazi waliyokuwa nayo tayari, ila viti vyangu vinanikatalia, maana kupamba na kukodisha ni kazi mbili tofauti.

@Fundi wa Mbagala, nataka nishone mwenyewe vitambaa vya viti, vile vya kuvutika. Ovaloki ya nyuzi tatu inatosha?

Fundi nguo, Mbagala
Dada, tafuta ya nyuzi nne. Ya nyuzi tatu inafunga pindo vizuri, lakini kitambaa cha kuvutika mtu mnene akikaa mshono unaachia. Na usilipe kabla hujaiona ikishona. Nenda na kipande cha kitambaa chako, shona, kivute kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akianza kusema sindano imechoka, mwambie aweke mpya ujaribu tena.