Ruzuku ya miti inalipa mashimo, hailipi miti. Sisi wa Dodoma imekula kwetu

Wakuu, salaam. Jambo hili ninalo rohoni tangu Juni. Nikawa nanyamaza kwa sababu mimi ndiye katibu wa kikundi na saini yangu ipo kwenye makaratasi yote. Leo asubuhi nimepigiwa simu kwamba wiki ijayo wanakuja kuhakiki miche, na wasipoikuta, kikundi kirudishe hela ya awamu ya kwanza. Turudishe nini jamani? Mashimo?

Ofisi siitaji, wilaya siitaji. Jueni tu niko Dodoma vijijini, upande wa machweo, ukiifuata reli ya zamani.

Kikundi chetu kina watu 18, wanawake 11. Tulisikia kuna ruzuku ya serikali kwa wakulima wanaopanda miti, tukafurahi, maana huku hakuna asiyejua shida ya miti. Kuni zimekuwa mbali, udongo unaondoka kila mvua ikinyesha. Tukachangishana, tukamlipa kijana wa steshenari atuchapie andiko. Wakadai katiba ya kikundi, cheti cha usajili, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji, akaunti ya benki. Vyote tukapeleka. Mwisho wakadai namba ya hati ya hakimiliki ya kimila kwa kila shamba litakalopandwa.

Hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Katika watu 18, wenye hiyo hati ni 4. Sisi wengine mashamba tumeyakuta kwa baba zetu, mpaka ni mstari wa minyaa na majirani wote wanaujua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila, lakini kisanduku kwenye fomu kinataka namba, na kisanduku hakijui minyaa. Ikawa miti yote ipandwe kwenye mashamba ya wale 4, wanaume watupu, na wale akina mama 11 wakawa vibarua wa mradi wao wenyewe. Haya, tukameza, tukaendelea.

Sasa sikilizeni kalenda. Andiko tulipeleka Agosti. Jibu la kukubaliwa likaja Januari. Hela ikaingia tarehe 12 Machi. Miche ikashushwa na lori wiki ya mwisho ya Machi, viriba 1,200, mingine mizizi imeshatoboa chini na kujikunja kama tambi.

Kwa msiopajua huku: mvua yetu ni moja. Inaanza Desemba, mwaka mbaya inasubiri Januari, na Aprili ikifika katikati imeaga. Kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, nazo zinashuka kwa mafungu, leo mafuriko korongoni, kisha wiki 3 jua kali. Mkulima wa Kigogo hata mtoto anajua kwamba ukitaka mti ushike, unauingiza ardhini na mvua za kwanza, upate miezi 3 ya kuzamisha mizizi kabla ya kiangazi. Ukipanda mwishoni mwa Machi umeuzika.

Nikaandika barua. Ninayo nakala, ina mhuri wa kupokelewa. Niliomba miche tuitunze kitaluni chini ya kivuli hadi Desemba, tuipande kwa wakati. Jibu nilipewa kwa mdomo: haiwezekani, mwaka wa fedha unaisha Juni 30, hela isipotumika inarudi hazina. Halafu siku ya taifa ya kupanda miti ni Aprili 1, mgeni rasmi ameshathibitisha.

Kwa hiyo mti wa Dodoma unapandwa kwa kufuata kalenda ya mhasibu. Hii Aprili 1 inaweza kuwa nzuri kwa wenzetu ambao masika yao ndiyo yanachanganya mwezi huo. Kwetu ni siku ya kuanza kufikiria kuvuna uwele.

Uzinduzi ulifanyika, na ulipendeza, siwezi kusema uongo. Mahema, spika, ngoma, maji ya chupa. Mgeni rasmi akapanda mti wake, akaumwagilia kwa kopo jipya, picha 40. Pembeni wakachomeka kibao cha bati chenye jina na cheo chake. Mti ule ulikauka kabla ya Saba Saba. Kibao nimekiona juzi kwa mama mmoja jirani, amefunikia ndoo yake ya maji, maandishi yameangalia chini.

Tuje kwenye maji. Kwenye andiko letu la kwanza tuliweka fungu la maji na fungu la uzio. Likarudishwa lina mistari myekundu: "gharama za uendeshaji zipunguzwe". Uzio ukafutwa wote. Maji tukaachiwa shilingi 200,000. Wenye kalamu hebu tuhesabu pamoja. Miche 1,200 ukiinyima sana, lita 5 kwa kila mche kwa wiki, ni lita 6,000. Hayo ni madumu 300 ya lita 20. Dumu likiletwa na punda kutoka kisimani hadi shambani ni shilingi 300. Wiki moja ni 90,000. Kiangazi chetu kuanzia Mei hadi Novemba ni wiki kama 30. Jumla ni milioni 2 na laki 7. Sisi tulikuwa na laki 2, yaani wiki 2 na siku kidogo. Nani alipitisha bajeti hii? Amewahi kumwagilia hata mchicha?

Na hapo bado mbuzi hawajaja. Desturi ya huku, mavuno yakiisha mifugo inaachiwa mashambani ile mabua, na hiyo si dhambi ya mtu, ndivyo tunavyoishi. Mche wa kijani katikati ya shamba kavu mwezi wa 7, mbuzi anauona kutoka kilomita moja. Tulizungushia matawi ya miiba. Miiba mchwa wakaila kutoka chini, ikalala, mbuzi wakaingia. Mchwa wakamalizia na miche yenyewe. Tulijaribu majivu, yalisaidia siku chache.

Agosti nilizunguka na daftari nikahesabu mmoja mmoja. Iliyo hai ni 64. Karibu yote ni miarobaini na mijohoro michache. Mikaratusi tuliyoletewa (hatukuiomba, tuliletewa) haikubaki hata mmoja.

Halafu ile fomu. Wakuu, fomu ile imeandikiwa Njombe, wala siyo siri. Inataka nafasi ya mita 3 kwa 3, inataka miti 1,111 kwa hekta, inauliza ujazo wa mbao unaotarajiwa mwaka wa 15. Mbao! Ndugu zetu wa nyanda za juu kusini siwaonei wivu, wana mvua yao na misonobari yao, na ule mpango wa Panda Miti Kibiashara ulioanza 2014 kwa msaada wa Finland ulikwenda kule kwa sababu za maana. Lakini huku mti tunautaka kwa kivuli, kwa kuni, kwa majani ya mbuzi kiangazi, kwa nyuki, kwa kuzuia udongo. Kisanduku cha hayo hakipo. Nikaandika "hakuna mbao", wakanirudishia nijaze namba. Nikajaza namba. Nimewaambia saini yangu ipo.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma hasa.

Mimi nina shamba langu la ekari 6. Halina hati, kwa hiyo halikuingia kwenye mradi, na huenda ndiyo salama yake. Miaka 4 iliyopita niliona kwa jirani wanachofanya watu wa kisiki hai. Wengi mnaifahamu, mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yameitembeza sana mkoa huu tangu 2018. Hununui mche. Chini ya shamba kuna visiki vya miti iliyokatwa zamani na mizizi bado iko hai, kila mwaka vinachipua na kila mwaka sisi tunavifyeka tukilima. Unachofanya ni kuacha kuvifyeka kama kipofu. Kipo kimoja cha mgunga karibu na kichuguu, nilikikuta kina machipukizi 14 yamesongamana kama nywele ambazo hazijachanwa. Nikachagua 3 yaliyonyooka, mengine nikayakata, nikafunga kipande cha kanga kuukuu ya mke wangu, chekundu, ili mtu mwenye jembe au mchunga ng'ombe ajue huu una mwenyewe. Leo umenipita kichwa. Haukunywa hata kopo la maji kutoka kwangu, maana mzizi wake uko chini tangu enzi za babu. Mbuzi waliutafuna mwaka wa kwanza, ukachipua tena kwa hasira.

Ninayo 430 ya namna hiyo, migunga, mikole, mikwaju michache. Mtama wa chini yake unakawia kunyauka kuliko ule wa mahali peupe. Gharama yangu ni panga na kanga.

Alipokuja afisa mwezi wa 9 nikampeleka. Kijana mstaarabu, sina ugomvi naye. Nikamwambia, basi hesabu hii 430 badala ya ile iliyokufa, kikundi kipate awamu ya pili tulipie uzio. Akatazama, akatazama fomu, akasema: "Mzee, hivi ni vichaka. Halafu risiti ya miche iko wapi?"

Risiti! Yaani mti uliokufa una risiti, kwa hiyo ni mti. Mti ulio hai hauna risiti, kwa hiyo ni kichaka.

Na hili si jambo geni kwa serikali yetu. Wazee wa Kondoa waliopo humu watanisahihisha: HADO, yaani mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, ikapanda miti, ikachimba makinga maji, lakini ardhi ilikuja kupumua vizuri baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979 kwenye eneo lililomong'onyoka. Nyasi na miti vikarudi vyenyewe kutoka ardhini. Sisemi watuondolee ng'ombe, jambo lile liliumiza watu na maumivu yake bado yanasimuliwa. Ninasema somo lipo kwenye makabati yao zaidi ya miaka 40, kwamba huku mti unalipwa kwa kulindwa. Walipe mwaka wa 3, waje wahesabu kilicho hai, kiwe kilipandwa au kilichipua, mkulima atalinda hata kwa fimbo. Ukimlipa kwa kufukia shimo, atafukia shimo.

Najua kuna watakaosema ninyi ndio mnaokata mkaa. Kweli, tunakata, na wanunuzi wake ni ninyi. Tangu serikali ihamie hapa, magunia yanaondoka kila jioni kwa pikipiki kwenda mjini kupikia maharage ya watumishi, wakiwemo walioandika ile fomu. Tusichekane.

Ninachoomba kwa wajuzi: kuna kikundi chochote kilichowahi kudaiwa kurudisha hela ya namna hii? Barua yangu yenye mhuri itanisaidia? Mkataba unasema "kikundi kitahakikisha miche inaishi", hausemi kwa maji ya nani.

NYONGEZA saa 2 usiku: Wanaouliza kwa nini hatukukataa ile miche ya Machi. Mkuu, ukikataa jina linabaki kwenye orodha ya vikundi korofi, na orodha hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwenye mikopo ya halmashauri. Akina mama walisema tupokee tu. Nisingeweza kuwabishia.

NYONGEZA saa 4: Mtendaji amenipigia sasa hivi. Uhakiki ni Alhamisi. Njia fupi ya kufika kwenye shamba la mradi inakatiza kwangu, na ameniomba nifyeke "vile vichaka vya pembeni" ili gari la wageni lipite bila kuchunwa rangi. Nimemwambia gari liishie barabarani, watembee.