Thairoidi imelala, uzito umeamka: kutembea, vyuma, baiskeli au kuogelea? (Mwanza)

BintiNyegezi

Wakuu, mwangaluka.

Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa. Mwaka jana nilikuwa nasinzia kwenye daladala mpaka napitiliza kituo. Ngozi kavu, sauti imekuwa nzito, mchana wa Mwanza watu wanajipepea mimi nimevaa sweta. Nikajua ni upungufu wa damu, nikanywa rozela mpaka ikanikinai. Kuja kupimwa, kumbe thairoidi, ile tezi ya shingoni, ndiyo imelala: kipimo chake, TSH, kimesoma 46, na maabara ile kiwango chao kinaishia 4 na kidogo. Tangu Februari nameza levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, kipimo cha juzi kimesoma 3.1. Usingizi umeondoka. Kilo ndiyo kesi: zilikuwa 88, zikashuka mpaka 85, hapo zimegoma kama punda wa maji.

Nimejaribu mazoezi ya aina nne, nayaweka hapa mnisaidie kuchagua. Sijali lipi linatoa jasho jingi. Naangalia kama keshokutwa nitaweza kulirudia, maana mwili huu wa sasa ukiuchosha leo unakulipizia siku mbili baadaye.

Kutembea. Nafunga duka, napanda gari mpaka mjini, naanzia pale kwenye Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga, nazunguka njia ya ziwani ya Capri Point. Wiki ya kwanza dakika 15 na kupumzika mara mbili. Sasa dakika 45, na kile kilima nakipanda bila kusimama kujifanya naangalia simu. Upepo mzuri, hela ni nauli tu. Ubaya wake ni giza, nikichelewa kufunga duka basi tena.

Vyuma. Jimu ya mtaani, elfu 40 kwa mwezi. Mwalimu ni kijana mchangamfu, lakini siku ya kwanza alinichuchumalisha na kuniinua mara 60, akamalizia na kuruka kamba. Siku tatu nilikuwa siwezi kukaa chooni bila kushika ukuta. Nilimwambia nina thairoidi, akaniambia "mama hiyo ni akili tu". Sijarudi, na hela yake imekwenda.

Baiskeli ya kaka yangu, njia ya Buhongwa. Magoti yalifurahi, roho haikufurahi. Malori.

Kuogelea, bwawa la hoteli, Jumamosi moja moja. Viungo vinalegea vizuri sana majini, siku inayofuata siumwi popote. Ila maji ya asubuhi yananitetemesha kuliko watu wote bwawani, na kiingilio si cha kila siku. Watu wananiambia "si ziwa lipo bure?"

Lipi niliweke mbele?

---

Mzee wa Pasiansi

Binti yangu, hao wa ziwa la bure waambie wakusindikize na hospitali. Kichocho kiko palepale kwenye maji tulivu ya pembeni yenye majani na konokono, ndipo watu wanapopenda kujimwaga. Hakiumi siku hiyo, vijidudu vinapita kwenye ngozi na wewe unacheka. Mimi nimekulia ziwani na nimemeza dawa yake zaidi ya mara moja. Ukitaka maji, lipia bwawa.

Baiskeli usiihukumu kwa njia ya Buhongwa. Njoo huku barabara ya Uwanja wa Ndege saa 12 asubuhi Jumapili, tambarare, magari machache. Nina 67 na bado naendesha.

---

BintiNyegezi

Shikamoo mzee. Nimekusikia kuhusu ziwa. Kutoka Nyegezi mpaka huko kwenu na baiskeli, nitafika mazoezi yameshaisha 😀

---

ChumaMoto

Dada, pole, lakini kosa ni la mwalimu, vyuma havina kesi. Mtu ambaye homoni zimekaa chini muda mrefu misuli yake inauma haraka na inachelewa kupona. Ukimpa 60 siku ya kwanza unamfukuza.

Na ukiviacha kabisa unapoteza kitu kikubwa. Kutembea kunachoma unapotembea. Misuli inakula hata ukiwa umelala, si sana kama matangazo yanavyodai, lakini inakula. Tena mtu akipungua bila kufanyisha misuli kazi, sehemu ya kilo anazopoteza ni misuli yenyewe.

Fanya nyumbani mara mbili kwa wiki, usilipe mtu. Chukua kiti cha kulia chakula, kaa na uinuke bila kushika, mara 8. Pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono, mara 8. Dumu la lita 5 lenye maji, livute kiunoni kama unavuta kamba ya kisima, kila mkono mara 8. Basi, dakika 20. Wiki mbili bila kuongeza chochote hata ukijiona simba. Ikifika kesho yake unashuka ngazi bila kulaani mtu, ndiyo uongeze.

---

kijana_wa_mjini

Kwa nini msirahisishe? Kama dawa ndiyo inaamsha mwili, si aongeze nusu kidonge kilo zishuke. Jirani yetu alikuwa anachanganya na unga wa mwani kutoka Zanzibar, anasema mwani ndio chakula cha thairoidi.

---

NesiMstaafu

Mwanangu, hapo naomba nikukatishe kabla mtu hajakuiga.

Kidonge hicho ni homoni. Ukizidisha, moyo unaanza kwenda mbio na kuruka mapigo, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, na ukiendelea muda mrefu mifupa inapungua nguvu. Kilo chache zitakazotoka zinarudi. Dozi hubadilishwa kwa kipimo, na kipimo hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha, kwa sababu dawa hii huchukua kama siku 7 kupungua nusu tu mwilini. Ukipima wiki ya pili unasoma habari ya zamani.

Mwani una madini joto mengi, na kiasi chake hubadilika pakiti kwa pakiti. Madini joto yakipungua tezi inaumia, yakizidi nayo inaumia, hasa kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili ndiyo inashambulia tezi. Chumvi yenye madini joto jikoni inatosha.

Sasa dada wa Nyegezi. Wengi wanadhani TSH ikiwa juu tezi inafanya kazi sana. Ni kinyume: TSH hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, ni kama mtu anayegonga mlango. Aliyelala ndani asipoitika, anagonga kwa nguvu zaidi. Wewe 46 ilikuwa kugonga na nyundo. Sasa 3.1, ameamka.

Kilo zinazoletwa na tezi yenyewe kwa kawaida si nyingi, kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni chumvi na maji. Hizo tatu zako inawezekana ndizo hizo. Zilizobaki ni kama za mtu mwingine yeyote, zinataka sahani na miguu. Najua si habari tamu.

Halafu nikuulize: kidonge unakimeza na nini, saa ngapi?

---

BintiNyegezi

Asubuhi, na chai ya maziwa. Wakati mwingine na uji wa lishe. Kuna ubaya?

---

NesiMstaafu

Nilijua. Maji matupu, tumbo tupu, kisha subiri dakika 30 hadi 60 ndipo chai. Maziwa na soya ya kwenye uji vinazuia dawa isiingie vizuri. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na vile vya kutuliza kiungulia, vitenganishe na dawa hii kwa muda wa saa nne. Ukibadilisha hivyo mwambie daktari, maana dawa ikianza kuingia yote huenda dozi ikatakiwa kupimwa upya.

Na mwenye tatizo la moyo, au anayebanwa kifua akipanda kilima, asianze zoezi kwa ushauri wa mtandaoni, hata wangu.

---

Mama Kulwa

Mdogo wangu, mimi tezi yangu ilitolewa yote, nilikuwa na rovu, kwa hiyo kidonge ni cha maisha. Nakaa Igogo juu kwenye mawe. Huku kwetu jimu ni kwenda dukani, ukisahau chumvi umelipa ngazi mara mbili.

Nilikuwa na kilo 92, sasa 84, na imechukua miezi 14. Kuna miezi mitatu mizima mzani haukusogea, nikautia uvunguni. Nguo ndizo zilizoniambia.

Siku nikiamka mzito kama nimebeba gunia, sijilazimishi kilima, nazunguka uwanja wa chini dakika 10 tu, ili mguu usisahau. Kwenye chakula sikuacha ugali, nani ataniambia niache ugali? Nilipunguza bonge likawa la ngumi moja, mboga za majani zikajaa sahani, sato nikamchoma badala ya kumkaanga. Na tumbo lililokuwa linafunga likafunguka, hilo hamlisemi lakini linachosha kuliko kilo.

Mimi nasema kutembea kwanza, kiti cha ChumaMoto pili. Bwawa liwe sikukuu.

---

ChumaMoto

Mama Kulwa nakuunga mkono, ingawa umeniweka wa pili.

---

BintiNyegezi

Asanteni. Nimepiga hesabu: siku tano za kutembea dakika 30 ni 150 kwa wiki, kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri, na sihitaji hata kwenda mjini kila siku, njia ya kwetu kuelekea ziwani inatosha. Jumanne na Ijumaa kiti na dumu. Kidonge nimekihamishia kichwani pa kitanda na kikombe cha maji, chai itanisubiri.

Mama Kulwa, hicho kilima cha Igogo Jumamosi unakipanda saa ngapi?

---

Mama Kulwa

Saa 12 na nusu. Uje na viatu vya kushika, kuna jiwe moja lina utelezi mvua ikinyesha usiku. Na usinywe chai kabla, utainywa kwangu.