MREJESHO: Idi yetu Granada

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza hapa kama inafaa kuila Idi el-Fitri Granada, Hispania, na namna ya kuiona Alhambra, ile ngome yenye majumba ya wafalme wa Kiislamu wa zamani. Tumerudi salama, alhamdulillahi.

Ushauri wa kuswali katika msikiti wa mtaa wa Albaicín, ule uliofunguliwa 2003 karibu na uwanja wa kutazamia mandhari wa Mirador de San Nicolás, tuliufuata. Allah amlipe kheri aliyeutoa. Baada ya swala tulisimama bustanini, Alhambra yote ikiwa ng'ambo ya bonde mbele yetu. Kukumbuka kuwa mji huu ulitoka mikononi mwa Waislamu 1492, kisha leo takbira zinasikika hapo! Mama alilia, nami nikashindwa kujizuia.

Ushauri wa kukata tiketi ya kesho yake, kwa kuwa Idi hungoja mwezi, ulifaa nusu tu. Tiketi za majumba ya Nasrid (ukoo wa wafalme hao), ndani ya Alhambra, zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo ule uwanja wenye chemchemi ya simba 12 hatukuuona. Tulipata ya Generalife (jumba la mapumziko la wafalme hao), bustani na ngome ya Alcazaba, na kwa kweli maji na kivuli cha Generalife vinatosha kujaza asubuhi nzima.

Mtakaokwenda: wahini tiketi. Ya Nasrid ina saa yake ya kuingia, na pasipoti huulizwa. Idi si sikukuu ya kitaifa kule, maduka yako wazi. Kaka uliyetuelekeza kwenye chai ya mtaa wa Calderería Nueva, shukrani sana, watoto hawakutaka kuondoka.