Naomba ushauri: wasikilizaji wangu wamegawanyika juu ya gitaa na saksofoni

Waungwana, assalaam alaykum. Niko Lamu, na kila Jumamosi usiku hukusanyika watu watano au sita kwenye baraza letu tukasikiliza muziki kwa makini. Juzi niliwawekea The Bridge, albamu ya jazi ya mwaka 1962 ambayo Sonny Rollins anapuliza saksofoni, Jim Hall anapiga gitaa, na nyuma yao zimo besi na ngoma tu, bila piano. Rollins alikuwa ameacha majukwaa tangu 1959, akifanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg kule New York, nami husikia upweke ule katika pumzi zake.

Ami yangu, ambaye amepiga udi katika taarabu tangu ujana wake, aliipenda mno. Alisema Hall hugusa nyuzi mara mbili tatu kisha hunyamaza, akamwachia mwenziwe uwanja, kama mpiga udi anayemstahi mwimbaji. Vijana walikataa kabisa: kwao gitaa limefifia, na pasipo piano muziki ni mtupu.

Maoni hayo yamenikera kwa kuwa naipenda sana albamu hii. Hata hivyo, tulitumia spika ndogo ya simu, iliyowekwa juu ya jiwe la baraza, na besi haikusikika hata kidogo. Je, kosa ni la spika, au gitaa lilirekodiwa kwa upole vile makusudi? Na kwa masikio yaliyozoea taarabu, nianze na wimbo upi tutakapoirudia?