Mtu mzima naambiwa mbele ya watu nikanunue tiara!

Ndugu wanajamvi,

Naandika uzi huu nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa sababu nimetoka dukani kwa yule bwana mchana huu huu. Simtaji, na sioni haja ya kumtaja, maana kila mtu katika jiji hili aliyewahi kununua japo pangaboi moja ya ndege ya rimoti anamjua, anaijua kaunta yake ya kioo na anakijua kile kicheko chake cha puani. Leo mtu huyo amenitazama usoni, mbele ya wateja wengine na mbele ya mwanangu wa kidato cha pili, akatamka: "Mzee wangu, mambo ya ndege yana wenyewe. Wewe kamnunulie mtoto tiara." Tiara, ndugu zangu! Mimi!

Nilikwenda kwa staha zote kumwonyesha kasoro za ndege yangu ya rimoti. Nilibeba bodi ya ndege, bawa la mkia, kijitabu cha maelekezo na rula ya chuma. Ni ndege ya sarakasi ya umeme, yenye mabawa ya meta 1.5, ya aina ile inayokuja na mifupa ya balsa (mbao nyepesi sana) na plaiwudi ikiwa imeshaundwa na kufunikwa kwa plastiki ya kubandikwa kwa pasi, na mnunuzi anabakiwa na kazi ya kubandika mkia, kufunga sevo (vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya kuendeshea), mota na risiva (kipokezi cha amri za rimoti), kuunganisha vyuma vya kuendeshea, kisha kutafuta kitovu cha uzito. Kabla ya kutia tone la gundi nilipachika mabawa kwenye bomba lake la kaboni, nikaliingiza bawa la mkia katika mpasuko wake, nikarudi nyuma hatua chache na kutazama. Mkia umelala upande! Nilipima kutoka kila ncha ya mkia hadi kwenye bawa kuu lililo chini yake, nikakuta kulia na kushoto vinapishana kwa milimita 11. Nikapima kutoka puani mwa ndege hadi kila ncha kwa uzi usiovutika, na huko vipimo vikalingana, kwa hiyo mkia haukukaa mshazari, bali mpasuko wenyewe umechongwa umeinama kiwandani. Mtu akiweka gololi kwenye ncha ya juu ya mkia ule, itabingirika mpaka Kigamboni na kupanda pantoni bila nauli.

Ndege ya kawaida ya kuzunguka uwanja pengine ingevumilia. Ndege ya sarakasi haivumilii, kwa sababu kila unapovuta eleveta, yaani kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua, ili ipige duara, mkia ulioinama unaisukuma pembeni, na duara linapinda na kutoka nje ya mstari wake. Haya nilimweleza kwa utulivu. Hakuigusa hata rula. Alifumba jicho moja, akatazama mkia kwa muda wa kupiga chafya, akasema: "Weka epoksi, itanyooka yenyewe." Epoksi ni gundi, hainyooshi kitu. Epoksi inashika kile ulichokiweka, kikiwa kimenyooka au kimepinda, na ile ya dakika 30 ikishakauka huung'oi mkia bila kung'oa na balsa yake.

Ndipo nikamwonyesha bawaba. Eleroni za ndege hii, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vya kuilaza ndege upande, zinakuja zimeshafungwa kiwandani, na mimi nina desturi ya kuvuta kila bawaba kabla ya kuiamini. Niliivuta moja kwa vidole viwili ikatoka yote, kipande kidogo kuliko stempu ya posta, cheupe na laini, hakina hata alama ya gundi. Bawaba iliyonyweshwa supagluu inakuwa ngumu na inang'aa, na ukiilazimisha inatoka na nyuzi za mbao. Hii ilikuwa safi kabisa. Eleroni ikichomoka angani, ndege haina tena wa kuiamuru, na chini kuna watu.

Ni hapo, nikiwa nimeishika ile bawaba mbele ya macho yake, ndipo aliponiambia nikanunue tiara. Hakusema "samahani." Hakusema "niachie nikaangalie." Alisema tiara, akacheka puani, na yule kijana anayefuta kaunta akacheka naye, na mwanangu akainama kutazama viatu vyake. Tiara haina sevo! Tiara haina risiva! Hakuna mtu aliyewahi kukesha akipima pembe ya nyuzi 45 ya mchezo wa eleveta ya tiara! Nimerudi nyumbani kwa daladala na bodi ya ndege mapajani, na kila kituo nilikuwa nalisikia lile neno upya.

Nataka kujua kama kuna mwingine aliyetukanwa kwenye kaunta ile.

Jibu la 1: Pole sana, Mzee. Huyo bwana hajaanza leo. Mimi aliniuzia sevo akaniapia kwamba gia zake ni za chuma, nilipoifungua nikakuta plastiki tupu. Niliporudi akasema kwamba sevo iliyofunguliwa hairudishwi. Nikamuuliza ningeziona vipi gia bila kuifungua, akanipa mgongo na kumhudumia mteja mwingine.

Jibu la 2: Mzee, nimesoma uzi wote na nimeona tiara imetajwa mara nyingi kuliko bawaba. Sema kweli, angekupunguzia bei ungeichukua. Siku ya upepo pale Coco Beach, tiara nzuri inapaa kuliko ndege nyingi za humu jamvini, ambazo miaka yote tunaziona kwenye picha zikiwa mezani.

Jibu la 3: Tuache utani. Mzee, usitie gundi kwanza. Piga msasa kidogo kwenye upande wa mpasuko uliokaa juu, weka kipande chembamba cha balsa upande wa chini, pachika, pima tena, na urudie mpaka ncha zote mbili zilingane. Halafu unapoondoa plastiki mahali mkia unapokutana na bodi, usitumie kisu, kwa sababu kisu kinachanja balsa, na mkia uliochanjwa unavunjika pale pale siku unapovuta eleveta kwa nguvu. Tumia ncha ya moto ya chuma cha kulehemu waya.

Jibu la 4: Kisu hakina tatizo, tatizo ni mkono mzito. Wembe mpya na mkono mwepesi vinakata plastiki peke yake.

Jibu la 3: Unakata plastiki peke yake mpaka siku unapookota mkia kwenye majani.

Mwenye uzi: Nashukuru kwa ushauri, na mkia nitaunyoosha. Lakini haya niliyoambiwa mbele ya mwanangu nitayapiga msasa gani? Naomba turudi kwenye suala la tiara.

Jibu la 5: Tiara si kitu, Mzee. Mimi nilinunua kwake betri ya lithiamu ya seli 6. Ikijaa kila seli inatakiwa isome volti 4.2, yaani jumla 25.2, lakini seli moja haikuvuka 3.9 na betri ikaanza kuvimba tumboni. Akaniambia niitumie hivyo hivyo, eti itachangamka. Betri iliyovimba inaweza kushika moto ndani ya nyumba nikiwa nimelala na familia yangu!

Jibu la 6: Afadhali wewe ulipata betri. Mimi natafuta supagluu nyepesi ya bawaba, ile inayopenya yenyewe hadi ndani, na kila duka linanipa ile nzito ya kubandikia viatu, ambayo inaganda mdomoni mwa mpasuko huku bawaba ikibaki kavu.

Jibu la 7: Mombasa ipo, ila unyevu wa Pwani unaigandisha chupani upesi. Chupa ambayo haijafunguliwa iweke frijini, na siku ya kazi iache kwanza ipate joto la chumba ndipo uifungue, vinginevyo inaingia maji ya ubaridi.

Jibu la 4: Frijini tena pamoja na chakula?

Jibu la 6: Chupa ya Mombasa ni shilingi ngapi, na kuna basi linaloweza kuileta Dar?