Mrejesho: keneli (kiini cha Linux) iliyokataa balance_power sasa inakubali

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini Linux kwenye laptopu za kituo chetu cha fotokopi hapa Goma, zinazotegemea betri za sola, inajibu "Device or resource busy" ukiandika balance_power (yaani egemea kuokoa nishati) ndani ya faili energy_performance_preference, inayoiambia prosesa ipendelee kasi au kuokoa nishati. Limetatuka.

Chanzo ni gavana, yaani kanuni ya keneli ya kuchagua kasi ya prosesa. Draiva intel_pstate, inayosimamia kasi ya prosesa za Intel, ikiwa katika hali ya active (draiva yenyewe huamua kasi) na gavana akiwa performance, upendeleo wa nishati hufungwa hapo hapo kwenye performance. Thamani nyingine yoyote inakataliwa. Basi anza na gavana:

echo powersave | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_governor

Kisha:

echo balance_power | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/energy_performance_preference

Msiache tee. Ukiandika "sudo echo" na alama ya >, faili inafunguliwa na sheli yako, isiyo na haki za root (msimamizi mkuu wa mashine), na utanyimwa ruhusa.

Jina powersave lisiwatishe: kwa draiva hii katika hali ya active halibani prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Kazi ikija, inapanda.

Ukizima mashine, yote yanapotea. Weka mistari miwili ya aina ya w (huandika thamani kwenye faili mashine ikiwaka) katika faili ndani ya /etc/tmpfiles.d/, gavana akitangulia. Kama TLP au power-profiles-daemon (programu za kusimamia nishati) imewashwa, weka upendeleo humo humo, la sivyo itafuta ulichoandika.

Prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha Skylake kwa kawaida hazina faili energy_performance_preference. Huko, ili kupunguza matumizi ya umeme, andika 1 katika /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo, uzime turbo (kasi ya ziada ya prosesa).